Siku Pinder Alipomfungia Mbuzi Wake

Pale Skelby majina ya watu na kazi zao yameachana siku nyingi. Bwana Smith, ambaye jina lake ni la wahunzi, anauza bima na nyundo hata ya kupigilia msumari huazima. Bwana Taylor, wa ukoo wa washonaji, hutembea na shati lisilo na vifungo mpaka mkewe amechoka kumsema. Bibi Baker naye, mtu wa ukoo wa waoka mikate, hununua mkate dukani kama sisi sote, tena ule wa kukatwakatwa tayari. Mababu zao walifanya kazi hizo, watu wakawaita kwa kazi walizofanya, kisha kazi zikafa na majina yakabaki na wajukuu. Mtu mmoja tu alikuwa bado na jina na kazi yake pamoja, naye ni Clifford Pinder. Hilo alilijua vizuri, na wala hakujifanya halijui.

Pinder kwa lugha ya kale ya Yorkshire, huku kwetu kaskazini mwa Uingereza, ni mtu anayekamata wanyama waliopotea na kuwafungia. Skelby imekaa chini ya nyika, na kule juu kondoo wa kijiji kizima hulisha pamoja bila ua. Kondoo ni kondoo. Akiona kabichi bondeni hakumbuki tena kwamba amepewa mlima mzima. Hapo ndipo Pinder huvaa kofia yake ya sufu, humfuata yule mkosaji taratibu, na kumwingiza katika zizi la mawe lililo katikati ya kijiji, kati ya kanisa na baa. Ufunguo wa zizi hukaa kwake, naye hukabidhiwa na Baraza la Malisho, wale wafugaji wanaokutana kila vuli ghorofani pale baa, wakala pai ya nyama na kugombana.

Zamani mwenye mnyama alilipa faini. Baraza likaona watu wanalipa na kusahau, likaweka adhabu nyingine ambayo haisahauliki. Mwenye mnyama aje kwa miguu yake, avue kofia mbele ya wapita njia, aseme: "Pinder, huyu ni wangu. Lango niliacha wazi mimi." Pinder naye hujibu: "Mchukue. Funga." Basi, hakuna zaidi. Lakini nimeona wanaume wazito, wenye matrekta ya mamilioni, wakizunguka zizi lile mara tatu wakisubiri wateja wa duka la mkate waishe kwanza, na wateja nao, kwa kuwajua, wakikataa kuisha.

Jina hilo limeenea kila mahali kijijini. Kichochoro cha kwenda mtoni ni cha Pinder. Baa nayo imeandikwa Pinder, na picha ya mtu mwenye fimbo ambaye pua yake, watu husema, ni ya babu yake Cliff kabisa. Mtoto akibakizwa darasani baada ya kengele, huenda nyumbani akasema leo alikuwa kwa Pinder. Na timu ya kriketi ikimtoa mchezaji wa wageni kwa mpira wa kudakwa, uwanja mzima hupiga kelele, "Mfungie, Pinder!" hata siku ambayo Cliff mwenyewe yuko kitandani na mafua.

Cliff alizaliwa katika nyumba inayotazamana na zizi hilo. Kwa mshahara alikuwa fundi wa kuta za mawe na barabara za halmashauri. Ufunguo alipewa akiwa kijana, kifua cha baba yake kilipokataa kupanda nyika. Hakuwa na upendeleo hata chembe. Alimfungia farasi mdogo wa kasisi asubuhi ya Pasaka, kasisi akaja kuvua kofia huku kanzu ya ibada ameshaivaa. Alimfungia farasi aliyekuja kumchukua bibi harusi, na harusi ikangoja. Aliwafungia kuku wa mama yake mzazi, na mama akaja akasema maneno yote kwa adabu, kisha akamnyima chai wiki nzima.

Mara moja tu alilegea. Binti mmoja wa bonde la pili, Mavis, alikuja kuchukua bata bukini wa baba yake. Alikuwa na uso mwekundu wa hasira na viatu vyenye matope.

"Sema basi, bibie," Cliff akamwambia.

"Sisemi ng'o. Bata si wangu, ni wa baba."

"Basi baba aje."

"Baba mguu umevimba, hawezi kutembea."

"Basi sema wewe."

"Na watu wote hawa wananitolea macho? Labda nife!"

Akapanda ukutani akakaa. Watu nao hawakuondoka. Mmoja akaenda kuchukua kiti. Cliff akasimama na ufunguo wake mkononi akimtazama yule msichana, na kadiri alivyomtazama ndivyo alivyozidi kutojua la kufanya. Mwishowe alikwenda karibu na ukuta, akavua kofia yeye badala ya msichana, akainama. "Ninong'oneze basi," akasema.

Mavis akamnong'oneza. Nini hasa alinong'ona haijulikani, maana walioana kabla ya mwaka kuisha, na maneno ya Baraza si marefu kiasi kile. Tangu hapo hakuna mwingine aliyepewa nafasi hiyo. Ted Garbutt, mfugaji mkubwa wa kondoo na mwenyekiti wa Baraza, alikuwa hakosi kujaribu kila mwaka.

"Cliff, mpenzi, lete sikio nikunong'oneze na mie."

"Wewe sema kwa sauti, tena hiyo kofia ivue yote, isibaki kisogoni."

Kulikuwa na sheria moja zaidi, ambayo Cliff alipenda kuisimulia kwa wageni pale baa. Mnyama wa Pinder mwenyewe akikutwa anazurura, Pinder hurudisha ufunguo. Mtu hawezi kujivulia kofia mwenyewe. "Na tangu enzi za babu wa babu yangu," humaliza kwa kugonga meza, "haijawahi kutokea."

Alipostaafu walinunua mbuzi mmoja wa maziwa, jike mweupe mwenye kiburi, Mavis akamwita Duchess, yaani bibi mkubwa wa kasri. Lango la bustani yao lina komeo la chuma la kizamani. Lazima ulishushe, kisha uligeuze. Cliff alilitengeneza mwenyewe, na mikono yake ilikuwa imelifunga maelfu ya mara bila yeye kuwa na habari. Sasa mikono ikaanza kusahau. Ilikuwa inashusha bila kugeuza. Siku nyingine hata kushusha haishushi. Kichwani mwake lango lilikuwa limefungwa, angeweza kuapa, na tena alikuwa ameanza kuweka miwani ndani ya friji.

Asubuhi ya Baraza, vuli iliyopita, aliamka mapema kuliko kawaida yake. Kitanda upande wa Mavis kilikuwa kitupu. Akasikia kicheko cha chini huko nje, akaenda dirishani akiwa na soksi moja.

Kichochoroni alikuwa anapanda Gillian Webster, mpeleka barua, yule waliyemwita wa Leeds, yaani mtu wa mjini, ingawa ameishi Skelby mpaka watoto wake wamemaliza shule. Shingoni begi la barua, na nyuma yake, amefungwa kwa skafu nyekundu ya Gillian, Duchess. Mavis alikuwa amesimama langoni na gauni la kulalia na viatu vya mvua. Akampokea mbuzi, akamrudishia Gillian skafu na kumpa kikombe cha chai kilichokuwa tayari juu ya ukuta. Kisha akashusha komeo, akaligeuza, akalijaribu kwa kulivuta.

"Leo alikuwa wapi?" Mavis akauliza.

"Kwa Bibi Baker. Kabichi tena. Kasema nisijali, atasema ni sungura."

Cliff alikaa kitandani. Kilichomuumiza zaidi kilikuwa kile kikombe. Chai ilikuwa imemiminwa kabla mbuzi hajafika, kama mtu anavyofanya jambo la kila siku. Na Duchess hakuvutwa. Alitembea mbele ya skafu kama anayejua kabisa kwamba langoni kuna biskuti. Cliff akaanza kukumbuka. Bibi Baker na sungura wake wasioisha. Ted Garbutt kunyamaza ghafla pale baa kila yeye anapoingia. Smith wa bima kumuuliza, bila sababu, kama lango lake ni zima. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Kwa muda gani hakujua, na hakutaka kuuliza. Aliona aibu ya kweli, ya kumchoma masikio, na chini ya aibu kulikuwa na woga ambao hakuutaja hata kwa nafsi yake.

Wakanywa chai. Mavis akamuuliza kama amelala vizuri, akasema vizuri sana. Mkewe alipoondoka kwenda baa kusaidia kukanda unga wa pai za Baraza, Cliff alivaa koti lake la kanisani, akavaa kofia, akamfunga Duchess kamba, akashuka naye kichochoroni hadi zizini. Akamwingiza. Akafunga, akasukuma lango kwa bega ili ahakikishe, akarudi akasukuma tena. Halafu akasimama pembeni akiwa ameshika ufunguo, akangoja watu.

Wanabaraza walianza kufika kabla ya mchana, na kila aliyefika alisimama ghafla. Wote walimjua yule mbuzi vizuri, na robo yao walikuwa wameshawahi kumrudisha kwa biskuti. Mavis alitoka mlangoni mwa baa na unga mpaka viwikoni, akaona, akaweka mkono wa unga mdomoni.

Ted Garbutt ndiye aliyefungua kinywa kwanza. "Ala! Nani kamfungia mbuzi wangu?"

"Wako?" Cliff akauliza.

"Wangu. Nimemnunua."

"Lini?"

"Jana. Jana jioni."

"Anaitwa nani?"

Garbutt akamtazama mbuzi, mbuzi akamtazama Garbutt. "Mbuzi," akasema. Na mzee yule mwenye mwili wa fahali, mmoja wa wale waliozoea kuzunguka zizi mara tatu, akavua kofia yote, akasema kwa sauti iliyofika kanisani: "Pinder, huyu ni wangu. Lango niliacha wazi mimi."

"Mwongo huyo!" Smith akadakia. "Mbuzi ni wangu, mpaka bima nimemkatia." Naye akavua kofia, akayasema maneno.

"Nyamazeni nyote," akasema Bibi Baker. "Mimi ndiye niliyeacha lango. Nilikwenda kwao kuomba mayai, nikatoka na haraka zangu. Pinder, huyu ni wangu." Hakuwa na kofia, akavua skafu.

Watu wakawa wanacheka na kusukumana, wengine nyuma nao wanavua kofia ili wapate zamu. Ilikuwa furaha kama ya sikukuu, na walikuwa wanampenda mno yule mzee kuweza kuona uso wake.

"Inatosha!" Cliff akapaza sauti, na sauti ikakatika katikati. "Mnanifanya mtoto? Nimefungia hapa farasi wa kasisi. Kuku wa mama yangu nimewafungia, na mama akavua kitambaa chake akasimama hapohapo ulipo wewe, Ted. Leo mbuzi wangu ndio nisimfungie? Kila asubuhi mnamrudisha kwa siri, halafu mchana nakuja kuwavulisha ninyi kofia kwa kondoo mmoja. Mmeniachia niwe Pinder wa namna gani?"

Mavis alikuwa analia bila kujificha.

"Ni mimi niliyewaomba, Cliff," akasema. "Usiwalaumu. Nilidhani ukijua utavunjika."

"Ningevunjika mapema kidogo," akasema, lakini alimjibu kwa upole. Akamwendea Garbutt, akamwekea ufunguo kiganjani. "Sheria unaijua, mwenyekiti."

Garbutt aliushika kama mtu aliyepewa kitoto cha ndege. Akasema Baraza linaweza kuahirisha jambo hilo. Linaweza kuacha nafasi wazi mwaka huu, na mwaka ujao, mpaka itakapofaa, maana hakuna Pinder mwingine Skelby.

"Wazi mwaka mzima, na mbuzi anangoja?" Cliff akasema. "Mpe Gillian."

Gillian alikuwa ndio kwanza amefika na baiskeli yake. Akadhani wanamtania.

"Yule wa Leeds?" mtu akauliza nyuma. "Hana hata kondoo mmoja!"

"Ndiyo vizuri. Hana wa kumwonea haya. Anaamka kabla ya ng'ombe, mlango wa kila mtu anaujua, na mnyama anamrudisha bila fimbo. Nimemwona leo asubuhi kwa macho yangu."

"Lakini Cliff," akasema Garbutt, "si Pinder. Ni Webster."

"Na mzee wetu wa kwanza alikuwa Pinder? Alikuwa John fulani tu, sijui hata wa wapi, huenda alitoka Leeds vilevile. Wakampa ufunguo, akafungia kondoo mpaka watu wakasahau anaitwa nani. Jina limetoka hapo zizini, Ted, halikutoka tumboni mwa mtu."

Wakanong'onezana. Wakainua mikono, hapohapo barabarani, huku pai zikipoa ghorofani. Garbutt akampa Gillian ufunguo. Gillian akaegesha baiskeli ukutani na kusimama langoni. Alikuwa amekunja midomo kama mtoto anayejizuia kulia.

Sasa ikabaki kazi moja. Cliff akavua kofia. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimelala upande mmoja, na kichwa kile, ambacho watu hawakuwa wamezoea kukiona wazi, kilionekana kidogo. Akafungua mdomo. Neno la kwanza la kusema lilikuwa jina lake mwenyewe, nalo lilipaswa kwenda kwa mtu mwingine. Akafunga mdomo. Akajaribu tena, akaishia kuigeuzageuza kofia mikononi. Wateja wa duka la mkate, wale wasioisha kamwe, wakageuka wenyewe wakaanza kutazama dirisha la duka.

Gillian aliangalia ufunguo, akamwangalia Mavis, kisha akalivua begi la barua. Akaja mpaka alipo Cliff, akainama.

"Ninong'oneze basi, mzee," akasema.

Cliff akamtazama. Halafu akaleta mdomo karibu na sikio lake, akasema. Yalimchukua muda. Aliponyooka, mashavu yake yalikuwa yamelowa, lakini alikuwa amesimama wima.

"Hatujasikia!" mtu mmoja mjinga akapayuka.

"Nimesikia mimi," akasema Gillian. Akafungua lango. "Mchukue, mzee. Funga."

Majira ya baridi yalipita hivyo. Cliff alimsindikiza Gillian mara chache nyikani, akamwonyesha kondoo wa Garbutt hupitia wapi, kisha magoti yakamrudisha nyumbani. Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kumwita Gillian kwa jina la Pinder, hata anapopeleka barua. Cliff hukaa ukutani kwake akimsikia akiitwa, na mwanzoni kichwa kilikuwa kinageuka chenyewe.

Theluji ilipoyeyuka, asubuhi moja ya Jumamosi duka la mkate limejaa, Mavis alitoka nje akakuta lango wazi na bustani tupu. Gillian hakuja na skafu wala biskuti. Mavis akachungulia bondeni, akaona kitu cheupe zizini kinakula nyasi za wenyewe kwa dharau, akasimama hajui amwambieje mumewe.

Cliff alikuwa ameshatoka na kofia kichwani. Akatazama lango, akalipandisha na kulishusha komeo mara mbili, akatikisa kichwa. Hakukasirika. Alishuka kichochoroni akimshika Mavis mkono kwa sababu ya utelezi, hadi zizini alipokuwa Gillian na ufunguo, akasubiri mpaka foleni ya duka imegeuka yote kumtazama, kisha akavua kofia, yote, isibaki kisogoni.

"Pinder!" akaita, na sauti ikapiga kuta za kanisa ikarudi. "Huyu ni wangu! Lango niliacha wazi mimi!"